Wadai Wasiohudhuria Kikao

Mto Ruhuhu, baada ya kushuka kutoka nyanda za juu za Njombe na kupita mpakani mwa Ludewa, ukipokea njiani mito ya upande wa Mbinga ukiwemo Mngaka, huingia Ziwa Nyasa karibu na Lituhi. Na katika miezi ya masika maji yake hayaingii peke yake, bali hufuatana na wekundu wa udongo uliotoka katika mashamba ya mbali, udongo ambao mvuvi wa Lituhi hakuulima, hakuuza mazao yake, wala hakushauriwa na mtu siku ulipoachwa uchi mbele ya mvua. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 700 hivi mahali penye kina kuliko pote, na mtu asiyefikiri sana aweza kudhani kwamba shimo la kiasi hicho halitashiba matope ya milima yote ya kusini. Lakini samaki hawazai katika kina hicho. Mbasa, ambaye ni fahari ya vitoweo vya mwambao wa Nyasa, hupanda mitoni wakati wa mvua kutafuta changarawe safi inayopitiwa na maji, hutaga mayai yake humo, kisha hurudi ziwani; na Ruhuhu ni mmojawapo wa mito anayoipanda. Changarawe ikifunikwa na tope, yai hukosa hewa na kufa kabla ya kuanguliwa, na mwenye nyavu hukaa ufukweni akijiuliza samaki wamekwenda wapi, ilhali jawabu liko kwenye mteremko ambao hajapata kuuona.

Nimetanguliza habari hizi ili swali ninalokusudia kulichunguza lisionekane kuwa la vitabuni tu. Mtu aliyeacha udongo wa shamba lake uchukuliwe na maji, amemkosea nani? Jawabu la haraka ni kwamba amejikosea mwenyewe, na kwamba hasara yake imekuwa adhabu yake, jawabu lenye mvuto mkubwa kwa kuwa linatuondolea wengine wote dhima ya kusema neno: shamba ni lake, jembe ni lake, njaa ni yake. Mimi naona jawabu hilo ni la uongo. Na naona zaidi ya hayo, kwamba maadamu ni la uongo, mafunzo tunayowapa watu waliokabidhiwa ardhi hayana budi kuanza mahali pengine kuliko pale yanapoanzia sasa.

Mafunzo yenyewe yanajulikana. Hukusanywa wajumbe wa halmashauri za vijiji, watendaji, wajumbe wa kamati za maji na za misitu, mabwana shamba na mabibi shamba, mara nyingine pamoja na makatekista na maimamu, wakafundishwa katika darasa la shule au ukumbi wa parokia namna ya kufunga miti mitatu kwa umbo la herufi A na kuning'iniza jiwe katikati ili kuupata mstari ulio sawa katika mteremko. Namna ya kuchimba makinga maji na kupanda mabingobingo kingoni mwake. Namna ya kuyageuza mabua kuwa matandazo badala ya kuyachoma. Namna ya kuchukua udongo wa kupimwa, na ya kuoza samadi hata ikawa mboji. Haya ni mambo ya haki na yenye faida, na anayeyadharau kwa sababu ya chai na posho zinazoambatana nayo hana insafu, ijapokuwa ni kweli pia kwamba vipo vikao ambavyo huchangamka zaidi saa ya kutia sahihi karatasi ya posho kuliko saa ya kupima mteremko. Upungufu ninaouona mimi ni mwingine. Mafunzo hayo hueleza kwa ufasaha jinsi ya kutenda, lakini suala la kwamba tunatenda kwa ajili ya nani huachwa lijijibu lenyewe, na aghalabu hujibiwa kwa neno moja tu, nalo ni mavuno: tunza udongo upate magunia mengi zaidi. Mkulima husikiliza, akapiga hesabu yake, akaona kwamba makinga maji yatampa kazi mwaka huu na faida baada ya miaka, ilhali mahitaji ya shule ya mtoto yanangojewa Januari; na kwa hesabu hiyo, ambayo si ya mjinga hata kidogo, huenda zake. Tulimwita kwa faida, naye kwa faida akatujibu. Lau tungalimwambia tangu mwanzo kwamba tunazungumza habari ya deni, huenda angalitusikiliza kwa sikio jingine, kwa sababu watu wetu, hata walio maskini sana, wanajua tofauti kati ya biashara inayoweza kuachwa na deni lisiloachika.

Ili deni lionekane, hatuna budi kujua kwanza ni kitu gani kilichokopwa. Udongo si vumbi la mwamba tu. Tabaka la juu, lile ambalo jembe hulifikia, limejengwa na majani na mizizi iliyooza, na ukungu, na mchwa, na nyungunyungu, na vijidudu visivyoonekana kwa macho, kwa muda ambao umri wa mtu mmoja hauwezi kuushuhudia, maana unene wa sentimita chache huchukua karne. Charles Darwin, aliyekwisha kuishangaza dunia kwa vitabu vikubwa zaidi, alitoa mwaka 1881, mwaka uliotangulia kufa kwake, kitabu kizima juu ya nyungunyungu, akionyesha jinsi viumbe hao tunaowakanyaga wanavyoupitisha udongo matumboni mwao na kuutandaza upya juu ya ardhi, kazi isiyokoma wala kulipwa ujira. Katika milima yetu ya udongo mwekundu, uliokwisha kusafishwa na mvua za dahari, rutuba karibu yote imo katika tabaka hilo jembamba. Chini yake udongo ni mwingi, lakini ni fukara. Mvua moja ya nguvu juu ya mteremko uliochomwa moto yaweza kuondoa kilichojengwa kabla ya babu wa babu yake mkulima kuzaliwa. Basi tunaposema kwamba fulani ana shamba, tunasema kwamba ana kitu ambacho hakukifanya, hawezi kukifanya, na aweza kukiharibu kwa alasiri moja.

Sheria ya Kiislamu ilikwisha kuliona jambo la namna hii na kulitengenezea kanuni. Imepokewa kwamba Omar bin Khattab alipopata ardhi katika Khaibar alimwendea Mtume kutaka shauri, naye akashauriwa aizuie asili ya mali ile na matunda yake ayatoe sadaka. Na juu ya habari hiyo wanachuoni wakajenga mlango mzima wa wakfu, ambao watu wa pwani yetu wameujua kwa mashamba, misikiti na visima vilivyowekwa kwa ajili ya watu wasiozaliwa bado. Msimamizi wa wakfu hula ujira wake kwa wema na kugawa matunda kwa wanaostahiki, lakini asili haigusi: haiuzi, hairithishi, haiweki rehani. Yapimwe sasa mambo ya shamba kwa mizani hiyo. Mahindi na maharage ni matunda. Rutuba ni asili. Aliyevuna mahindi amekula haki yake. Aliyevuna mahindi na pamoja nayo akauacha udongo uende, amekula asili, na hicho ndicho kitendo ambacho kadhi humwondolea msimamizi usimamizi wake. Sisemi kwamba kila shamba ni wakfu kwa hukumu ya mahakama. Nasema kwamba udongo kwa maumbile yake una tabia ya wakfu, atake mwenyewe asitake, kwa kuwa aliyeuweka hayupo miongoni mwetu, na wengi wa waliowekewa bado hawajafika.

Ajabu ni kwamba sheria ya Jamhuri, iliyotungwa na watu waliokuwa na mambo mengine mawazoni, imefika karibu mahali pale pale. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaiagiza halmashauri ya kijiji iisimamie ardhi ya kijiji kwa kanuni zinazompasa mdhamini anayetunza mali kwa ajili ya wenye kufaidika nayo, na hao wenye kufaidika imewataja kuwa ni wanakijiji na watu wengine wakaao kijijini. Kwa hiyo mjumbe wa halmashauri, ambaye labda alichaguliwa kwa kuwa ana duka au ana sauti kubwa mkutanoni, amekuwa mdhamini siku alipoketi katika kiti chake, ajue asijue. Lakini sheria hii ina mpaka wake, nao ni mpaka wa kijiji. Mvuvi wa Lituhi si mkazi wa kijiji cha bonde la Mngaka. Mtoto atakayezaliwa miaka 50 kutoka sasa si mkazi wa kijiji chochote. Na mbasa hana kitambulisho. Wote hawa wanadai, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kuhudhuria kikao. Sheria nyingine zimejaribu kuwasemea: ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudhuru ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, yenye makao yake Tukuyu, imepewa maji ya bonde zima kuyaangalia. Hata hivyo Tukuyu ni mbali, na mita 60 ni hesabu tupu kwa mtu asiyesadiki kwamba ng'ambo ya hizo mita 60 kuna mtu.

Hapa ndipo dini, kwa maoni yangu, inapokuwa na neno ambalo sheria haina, kwa kuwa kazi ya dini tangu zamani imekuwa ni kumleta asiyekuwapo mbele ya aliyepo: maiti aliyeacha wasia, yatima asiyejua mali yake, mgeni asiye na jamaa mjini, na Mwenyezi Mungu mwenyewe. Qurani inasimulia kwamba amana ilitolewa kwa mbingu na ardhi na milima, vyote vikakataa kuichukua kwa hofu, mwanadamu akaichukua. Mfikirie basi mtu aliyepewa kulima juu ya mgongo wa kile kilichokataa. Mlima ulijua uzito wa jambo; mpandaji wake ndiye anayelichukua kwa wepesi.

Hata hivyo dini nayo ina mtego wake, na mtego huo ni nia. Tumefundishwa, na ni kweli, kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Lakini mteremko hausomi nyoyo. Mcha Mungu anayechora matuta yake kutoka juu kwenda chini, yakawa mifereji ya kuyaharakisha maji, atapoteza udongo sawasawa na mwizi anayelima hivyo hivyo, na dua yake ya kuomba mvua, ikikubaliwa, itamwongezea hasara. Ndiyo maana katika habari za utabibu wanachuoni hawakuridhika na nia njema: imepokewa kwamba mtu anayejifanya tabibu pasipo kujulikana kwa ilimu hiyo, akamdhuru mgonjwa, dhamana ni juu yake. Sioni sababu ya hukumu hiyo kuishia katika chumba cha mgonjwa. Aliyekubali kusimamia ardhi ya watu, awe mwenyekiti wa kijiji, au padre mwenye shamba la misheni, au afisa wa wilaya, au baba aliyeshika shamba la ukoo, naye asijue maji yanavyotembea wala udongo unavyokufa, hawezi kujitetea kwa kusema kwamba hakukusudia. Kujifunza kwake ni faradhi, kwa jinsi ile ya faradhi ya kutoshelezana: wakipatikana katika kijiji watu wa kutosha wenye kuijua kazi hiyo, wengine wamepona, wasipopatikana, wote wamo hatiani. Mafunzo basi si hisani ya mfadhili, wala si zawadi ya mradi ambayo mtu huipokea akipenda. Ni sehemu ya kulipa deni.

Milimani mwa Mbinga wako watu ambao hawakungoja mradi. Wamatengo, ambao katika karne ya 19 walibanwa katika miinuko yao na hofu ya majeshi ya Wangoni, hata wakalazimika kulisha watu wengi juu ya ardhi ndogo iliyosimama kama ukuta, wameilima miteremko hiyo kwa njia inayoitwa ngoro. Mwezi wa Machi, mvua zikikaribia kupungua, wanaume hufyeka nyasi na magugu ya shamba lililopumzika, huyaacha yanyauke, kisha huyapanga kwa mistari inayokatana, hata mteremko mzima ukawa miraba iliyopakana, kila mmoja na upana wa mita moja na nusu au mbili. Halafu huja wanawake, ambao huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuuweka juu ya nyasi zile pande zote nne, hata katikati pakawa shimo na nyasi zikazikwa ndani ya tuta; na juu ya tuta hupandwa maharage. Maharage yakiisha kuvunwa, shamba hungoja mvua za mwisho wa mwaka, ndipo mahindi yakapandwa juu ya matuta yale yale. Nyasi zilizozikwa huoza zikawa mbolea. Mvua inyeshapo, kila shimo huyapokea maji yake, huyazuia yasikimbie, huyaacha yazame polepole. Na udongo uliotikisika hulala humo shimoni badala ya kuanza safari ya kwenda ziwani. Mwaka 1938 mtumishi wa serikali ya kikoloni, A. H. Pike, aliandika habari za kazi hii katika jarida la Tanganyika Notes and Records, katika miaka ambayo wenzake wengi waliamini kwamba mkulima wa Kiafrika hajui ila kuharibu. Na tangu hapo wataalamu wa udongo hawakukoma kuja Mbinga kuitazama, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani.

Wataalamu hao hupima maji yaliyozuiwa na udongo uliobaki, na ni haki yao. Mimi ninapoitazama ngoro naona fikra ya uadilifu iliyoandikwa kwa jembe, yaani kila mraba hubeba maji yake wenyewe na haumtwishi jirani wa chini mzigo ambao haukuwa wake. Hakuna mkutano uliopitisha azimio kwamba Lituhi isidhulumiwe, wala aliyechimba shimo lile hakumjua mvuvi yeyote. Lakini mvuvi alihifadhiwa haki yake, kwa sababu njia ya kulima yenyewe ilikuwa imekwisha kumhesabu. Ilimu ya kweli ya udongo huwa hivi. Humtendea haki asiyekuwapo bila kuhitaji kumkumbuka kila asubuhi.

Sifa hizi haziwezi kupita bila neno la pili. Kazi nzito ya ngoro imekaa migongoni mwa wanawake, na kahawa ilipokwisha kuwa zao la fedha la Wamatengo, fedha hiyo kwa desturi ilishika njia ya mikono ya wanaume. Amana inayotunzwa na mgongo wa mmoja na kufaidiwa na mkono wa mwingine imetunzwa, lakini haijatendewa uadilifu, na mwalimu yeyote anayekwenda vijijini kuihimiza ngoro bila kuuliza ni nani atakayechimba, ametoa fatwa juu ya mwili wa mtu mwingine. Fauka ya hayo, maarifa haya hayasafirishwi kama gunia. Wamatengo waliohamia mashariki, katika nchi ya miombo yenye miinuko ya upole, wengi wao wameiacha ngoro wakalima kwa matuta ya kawaida, kwa maana nchi ni nyingine na udongo ni mwingine. Na katika mwambao wa Lituhi, penye mihogo katika mchanga na mpunga katika mabonde, mtu wa kuhubiri mashimo ya miraba angechekwa, na kwa haki.

Wapo waliodhani kwamba deni la udongo laweza kudaiwa kwa amri. Huko Uluguru, tangu mwanzo wa miaka ya 1950, serikali ya Kiingereza iliwalazimisha watu kuikata milima yao kwa matuta ya ngazi. Maafisa wale hawakukosea waliposema kwamba milima inamomonyoka. Walichokosea ni udongo wenyewe, kwa kuwa tabaka la juu lilikuwa jembamba, na kwa kukata ngazi udongo mwema ulifukiwa na ule fukara ukatokeza juu, watu wakafanya kazi nyingi wakavuna haba. Julai 1955 wakakataa. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa baadaye kwa aibu. Wenye kupenda uhuru husimulia kisa hiki na kuishia hapo. Mimi sioni halali kuishia hapo, kwa sababu kipo kisa cha Kondoa, ambako mwaka 1979 mifugo yote ilitolewa kwa amri katika eneo lililochimbika makorongo, na majani yakarudi, na miti ikarudi. Amri ilifaulu. Lakini gharama yake ililipwa na wafugaji walioambiwa waondoke na ng'ombe wao, na ardhi iliyopona kwa njia hiyo ilihitaji tena muda mrefu kabla watu hawajaiona kuwa ni amana yao, wala si mali ya askari.

Na maskini je? Mjane mwenye bustani ya mboga ya kiangazi kandokando ya mto, ndani ya zile mita 60, naye hana kipande kingine cha kulima, ni mhaini wa amana? Kanuni ya mafakihi ni kwamba dharura huhalalisha kilichozuiwa, na kwamba huhalalisha kwa kadiri ya dharura yenyewe, si zaidi. Kwa kanuni hiyo sithubutu kumweka mjane huyo katika daraja moja na mwenye shamba kubwa aliyelima hadi ukingoni kwa trekta kwa kuwa tu ukingo una rutuba. Huyu wa pili hana dharura, ana tamaa. Lakini hata kwa mjane dhambi haikupotea hewani. Imehama. Imekwenda kwa halmashauri iliyogawa ardhi ya kijiji ikamsahau, kwa jamaa waliomnyang'anya shamba la marehemu mumewe, na kwa wilaya iliyotuma mtu wa kumpiga faini kabla ya kutuma mtu wa kumtafutia mahali. Maji hushuka, dhima hupanda. Mafunzo yanayowakusanya walio chini kabisa na kuwafundisha wajibu wao, ilhali wagawaji wa ardhi wamekaa ofisini, yamegeuza mambo juu chini.

Wakristo, ambao ndio wengi katika mwambao ule na milima ile, hawakosi hazina ya kuchota katika suala hili. Lituhi ina misheni ya kale ya Wabenedikto, shirika lililojenga Peramiho mwaka 1898. Na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inamwagiza mtunza ghala wa monasteri avihesabu vyombo vyote na mali yote ya nyumba kuwa sawa na vyombo vitakatifu vya altare. Yatafakari maneno hayo mbele ya jembe. Kalisi haitupwi sakafuni baada ya Misa. Haipewi asiyejua kuishika. Ikivunjika, hakuna anayesema kwamba ni ya padre na hasara ni yake. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, aliikumbusha dunia kwamba kila kizazi kimeazimwa tu ardhi na hakina budi kuipitisha kwa kinachofuata. Neno hilo si geni kwa mzee wa Kimatengo wala kwa sheikh wa Kilwa. Wazee waliotambika kwa wahenga wao juu ya ardhi walijua kwamba walio chini ya udongo wana haki juu yake. Kuwaongeza walio chini mtoni na ambao hawajazaliwa si kubadili imani ya mtu yeyote. Ni kuifikisha imani hiyo mwisho wa hoja yake.

Namna ya kufundisha nayo ipo. Wamatengo walikuwa na desturi ya sengu, ambayo kwayo watu wa ukoo walikula pamoja kwa babu yao na kuzungumza mambo ya nyumba, ya mashamba na ya watoto, mkubwa akisikia na mdogo akijifunza. Na wataalamu wa Sokoine walipofanya kazi katika kijiji cha Kindimba, karibu na mwaka 2000, waliona kwamba jina hilo na roho yake bado vina nguvu ya kuwakutanisha watu juu ya miti na maji kuliko kamati yenye muhuri. Naipenda sengu kwa sababu moja: hakuna anayelipwa posho ya kula kwa babu yake. Kasoro yake ni kwamba ilikuwa ya ukoo mmoja, na ukoo haumjumuishi mtu wa chini ya mto. Sengu ya zama hizi itabidi iweke sahani ya ziada.

Hadi mwaka 2012 wilaya ya Mbinga ilianza milimani ikaishia majini. Mwaka huo ikatengwa wilaya ya Nyasa yenye makao yake Mbamba Bay, na Lituhi ikawa upande wake, hata sehemu kubwa ya milima ikabaki chini ya halmashauri moja na mwambao chini ya nyingine. Sina ugomvi na utaratibu huo wa utawala, ila nawasihi madiwani wa pande zote mbili, pamoja na wenzao wa Ludewa, na maaskofu na masheikh wanaosikilizwa nao, walifanye jambo moja katika mafunzo yajayo ya wasimamizi wa ardhi. Yasifanyiwe Mbinga mjini. Yafanyiwe Lituhi, mwezi wa Machi, mto ukiwa mwekundu. Na kabla ya mtaalamu kufungua mkoba wake, wavuvi na wanawake wakaushao dagaa wapewe saa nzima ya kusema wanachodai, mjumbe wa mlimani akisikiliza bila kujibu. Kisha kila kijiji cha juu, katika mpango wake wa matumizi bora ya ardhi, kiandike kwa jina kijiji cha chini kinachopokea maji yake, na kipeleke huko nakala ya mpango huo kabla ya kuupitisha. Hakuna sheria inayokataza jambo hilo, na barabara ya kutoka Kitai hadi Lituhi ipo.